Senti 25 Kumwona Mtoto Njiti

Kati ya 1903 na 1943, ukienda kujienjoi Coney Island, New York, ungepita bembea na wauza soseji, halafu ukute ukumbi wenye watoto njiti ndani ya inkubeta. Watoto hai. Kiingilio senti 25.

Mwenye shoo aliitwa Martin Couney. Alijiita daktari, ingawa waliochimba historia yake hawajapata ushahidi kwamba alisomea udaktari. Lakini skiza hesabu yake: mzazi hakulipa hata ndururu. Pesa za mlangoni ndizo zililipa wauguzi, wanawake wa kunyonyesha, na gharama za mashine. Hospitali nyingi za Marekani hazikuwa na mashine hizo, na mtoto aliyewahi kuja aliachwa tu aende.

Mwaka 1920 Lucille Horn alizaliwa pacha. Mwenzake akafa, na hospitali ikasema huyu naye haponi. Babake akamfunga blanketi, akaita teksi, moja kwa moja Coney Island. Lucille aliishi hadi miaka 96.

Mimi hiyo biashara ya kuchungulia watoto wa wenyewe kama samaki inaniudhi. Ila sisi tunaorusha picha ya mtoto mwenye mipira puani kwenye grupu la WhatsApp, ndio paybill isonge, tuna mdomo gani?

Mwaka 1943 hospitali ya Cornell, hapo hapo New York, ilifungua kitengo cha watoto njiti. Mwaka huo huo Couney akafunga shoo yake.