Mpira na Vitabu Kiungani

Mwaka 1864 Sultani Majid alimpa Askofu Tozer wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa chuo kilichokaa baadaye Kiungani, Unguja. Vitabu vya Kiswahili vya chapa vilikuwa haba mno. Basi wavulana wakafundishwa kupanga herufi na kupiga chapa, hata wakasoma kurasa zilizotoka mikononi mwao wenyewe. Mwaka 1888 likaanza gazeti la chuo, Msimulizi. Na mpira walicheza, na kriketi pia. Wako wanaonena mchezo ni upuzi. Mimi sikubali, maana mtoto aliyeuzwa hana budi kujua kwanza ya kuwa miguu yake ni mali yake. Mwaka 1925 chuo kilihamia Minaki, karibu na Kisarawe.