Kwenda kwao padre

Kwa zaidi ya miaka 50 safari kati ya Itigi na Italia zimekuwa za upande mmoja. Wao wanakuja, sisi tunapokea. Wamekuja mapadre, masista na madaktari wa kujitolea. Katika picha za zamani tulizo nazo, mgeni ndiye anayeshuka kwenye gari, na sisi ndio tunaopiga makofi. Sijawahi kuona picha ya mtu wa Itigi akishuka kwenye gari huko kwao.

Mama yangu ana miaka 78 na anataka kwenda. Hana habari na mnara wa Pisa wala mashua za Venezia. Anasema mgeni akikutembelea namna ile, miaka yote ile, na wewe siku moja unakwenda kwake, na kama ameshakufa unakwenda kuwaona walio wake. Kwetu Singida jambo hilo halihitaji maelezo. Mimi ndiye niliyelazimika kuligeuza kuwa tarehe, tiketi na fomu.

Nilianza kwa wakala mmoja wa safari za hija. Alinipa ratiba ya siku tisa na miji saba, kuamka saa kumi na moja alfajiri, basi, kanisa, basi, kanisa. Nilimsomea mama. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa hapo tunakaa kwa nani?" Ratiba haikuwa na jibu. Kwa hiyo tumeamua kwenda peke yetu, polepole, sehemu mbili tu: Roma, na kijiji kimoja cha Umbria.

Ili kueleza kwa nini ni Umbria, lazima nirudi nyuma kidogo. Itigi ni mtoto wa reli. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912. Kati ya miaka hiyo miwili ya mwisho ndipo ilipopasua vichaka vyetu. Kichaka cha Itigi kinajulikana na wataalamu wa mimea duniani kote kwa jina hilohilo: miti mifupi iliyosongamana hata mtu mzima hapiti wima, mikavu kama kuni nusu ya mwaka. Wakimbu, watu wa mama, waliishi humo na pembeni yake kwa asali, uwindaji na mashamba madogo.

Waitaliano walikuja kwa reli hiyo na kwa barabara zilizoifuata. Wapasionisti walikabidhiwa eneo la Dodoma mwaka 1935. Wamisionari wa Damu Azizi, ambao ndio wa kwetu, walifika katikati ya miaka ya 1960, na mwishoni mwa miaka ya 1980 Itigi ikapata hospitali yenye jina la mwanzilishi wao, Mtakatifu Gaspar. Watu wengi wa Manyoni, Singida na hata Tabora wanaijua hospitali hiyo kuliko wanavyomjua Gaspar mwenyewe. Alikuwa padre wa Roma, mzaliwa wa mwaka 1786. Mwaka 1810 alikataa kula kiapo cha utii kwa Napoleon, akaishia uhamishoni na gerezani karibu miaka minne. Tarehe 15 Agosti 1815 alianzisha shirika lake katika abasia ya San Felice, huko Giano, juu ya kilima cha mizeituni. Giano iko Umbria.

Padre wa mama naye alikuwa wa Umbria. Simtaji jina kwa sababu ana ndugu walio hai, na wao hawakuomba kuandikwa. Alifika kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Yeye mwenyewe alikuja kwa ndege. Siku hizo Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, letu sote Watanzania, Wakenya na Waganda, lilikuwa na ndege zinazotua Roma. Masanduku yake yalikuja kwa meli, na kwa kuwa mfereji wa Suez ulifungwa kuanzia Juni 1967 hadi Juni 1975, yalizunguka Afrika yote kwa kusini kabla ya kufika Dar es Salaam. Mama anakumbuka kwamba kwa miezi mingi padre alikuwa na kanzu mbili na jozi moja ya viatu. Wanawake walimcheka, kisha wakaanza kumpelekea mayai.

Halafu ikaja Operesheni Vijiji. Katikati ya miaka ya 1970 watu walitolewa makwao wakawekwa kwenye vijiji vipya. Kijiji alichozaliwa mama kilikuwa kimoja kati ya vile vilivyoachwa. Kaburi la bibi yangu lilibaki huko, na kichaka kikarudi juu yake.

Ilikuwa baada ya hapo, mwaka ambao mama anauweka kwenye 1976, ndipo ilipokuja simu ya maandishi. Mama yake padre amefariki. Ilipofika, marehemu alikuwa ameshazikwa siku kadhaa. Padre alisoma misa ya asubuhi kama kawaida, hakusema kitu, na mpishi wake ndiye aliyetoa habari. Jioni wanawake walikwenda na mikeka. Wakaweka matanga ya siku tatu uani kwa padre, kwa ajili ya mwanamke wa Umbria ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Walipika ugali na mlenda, wakalala chini, wakamlilia kwa jina la mwanawe kwa kuwa la kwake hawakulijua. Mama anasema padre siku ya kwanza aliwaomba warudi majumbani, siku ya pili alinyamaza, siku ya tatu alikuja akakaa nao mkekani.

Katika maandishi machache niliyosoma kuhusu misheni katika mkoa wetu nimekuta visima, shule, idadi ya waliobatizwa. Matanga kama haya sijayakuta, wala sishangai, maana anayeandika ripoti huandika alichotoa. Lakini kwa mama hiyo ndiyo historia yenyewe. Amelia msiba ambao kaburi lake hajaliona. Anataka kuliona.

Hapo ndipo mpango wetu ulipoingia mashaka. Nilikuja kusoma kwamba Italia kaburi si la milele. Mara nyingi sehemu ya kuzikia hutolewa kwa miaka maalumu, na muda ukiisha mifupa hufukuliwa na kuhamishiwa mahali padogo zaidi, au kuchanganywa na ya wengine. Kutoka 1976 hadi leo ni karibu miaka 50. Nilikaa na habari hiyo wiki nzima. Nilipomwambia mama, alikuwa anachambua mchicha, wala hakuinua kichwa. "Na la mama yangu liko wapi?" akasema. "Waandikie tu."

Niliwaandikia. Mpwa wa padre alijibu baada ya siku 12, kwa Kiingereza kibovu kama changu. Bibi yake alihamishwa zamani, yumo ukutani pamoja na mumewe, jina lipo na picha yake ya kauri ipo. Padre mwenyewe yuko makaburi hayohayo. Akauliza tutakaa siku ngapi, na kama mama anakula jibini.

Tumeweka siku kumi, mwishoni mwa mwezi wa kumi, wakati wa kuvuna zeituni. Basi kutoka Itigi hadi Dodoma, tulale. Treni ya umeme hadi Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 2024 imefanya safari ya kutwa kuwa ya saa chache, tulale tena. Ndege kupitia Addis Ababa, na kiti cha magurudumu ambacho nimekiomba mapema kwa sababu ya magoti yake. Roma tutakaa siku nne, na kati ya hizo tumepanga jambo moja tu: kanisa dogo la Santa Maria in Trivio, hatua chache kutoka chemchemi ya Trevi, alikolazwa Gaspar. Siku zingine tatu ni za kukaa. Kisha treni hadi Spoleto, na mpwa wa padre atatupokea.

Makaratasi yamekuwa marefu kuliko safari. Pasipoti ni shilingi 150,000, viza euro 90, bima ya safari lazima iweze kulipa matibabu ya hadi euro 30,000. Nimetakiwa pia kuonyesha kwamba mama atarudi. Nimeambatisha karatasi za shamba, ingawa ningependa kuandika tu kwamba kuku wake wanamsubiri. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Alizaliwa mwaka ambao Waingereza walianza kilimo chao cha karanga kule Kongwa, yaani 1947, basi ikabidi tule kiapo. Gaspar alifungwa kwa kukataa kuapa. Mama ameruhusiwa kusafiri kwa kuapa. Penye mahali pa kuzaliwa aliandikisha kijiji kile cha zamani, na karani akakitafuta kwenye orodha yake bila kukipata. Tukaandika Itigi.

Asali tuliyobishania zaidi. Mama alitaka kwenda na ndoo nzima. Sheria za Ulaya zinamruhusu msafiri kilo mbili, nasi tuko wawili, kwa hiyo ni kilo nne. Amezigawa tayari: kwa mpwa, kwa jirani wa mpwa ambaye hatumjui lakini lazima atakuwapo, kwa mapadre wa Giano. Moja hasemi ni ya nani.

Kilichobaki ni alama za vidole, ambazo lazima azitoe mwenyewe Dar es Salaam mwezi ujao. Wakati wa kuandikishwa kitambulisho cha taifa mashine ilishindwa kumsoma mara mbili. Jembe na kamba ya kisima vimemlainisha vidole. Mtu fulani alimwambia mafuta yanasaidia. Kwa hiyo kila usiku, baada ya rozari, anakaa kitandani na kichupa cha mafuta ya alizeti, anapaka kidole kimoja kimoja, anakishika kwenye mwanga wa taa, anakiangalia kama mistari imeanza kurudi.