Erithropoietini

Erithropoietini, maarufu kwa kifupi EPO, ni homoni ya protini inayouchochea uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu za damu. Kwa mtu mzima hutolewa hasa na figo. Kwa mtoto aliye tumboni, na ini.

Utendaji

Chembe zote za damu huanzia kwenye seli shina za uboho. Zenyewe hutunzwa na protini nyingine za ishara, mojawapo trombopoietini. EPO huja baadaye, kwa seli changa zilizokwisha kushika njia ya kuwa chembe nyekundu: zikiikosa hufa kabla ya kukomaa, zikiipata hunusurika na kuongezeka. Oksijeni ikipungua mwilini, figo hutoa EPO zaidi. Kueleza jinsi seli zinavyohisi upungufu huo kuliwapatia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019.

Malaria

Uhusiano wa EPO na malaria ndio unaoigusa zaidi Afrika Mashariki. Mtoto anapoishiwa damu kwa malaria kali, mara nyingi EPO hupanda sana, lakini uboho hauitikii inavyotakiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, uliohusisha watoto wa Kenya, uliitaja hemozoini, taka ya rangi ya kahawia ambayo vimelea huiacha baada ya kula hemoglobini, kuwa inazuia ukuaji wa seli changa za damu. Kwa hiyo mtoto wa Gumbo, ng'ambo ya mashariki ya Nile mjini Juba, anayeletwa kliniki viganja vimepauka na pumzi zikienda mbio, kwa kawaida hakupungukiwa na homoni. Anachohitaji upesi ni dawa ya malaria na, hali ikiwa mbaya, damu ya kuongezewa. Benki ya damu yenye akiba ina thamani kubwa kwake kuliko sindano ya EPO.

Dawa

Mwaka 1977 Eugene Goldwasser na Takaji Miyake waliisafisha EPO kutoka lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa wa Japani waliopungukiwa damu, wakapata miligramu chache tu. EPO ya maabara iliidhinishwa Marekani mwaka 1989 kwa wagonjwa wa figo, ambao hadi leo ndio watumiaji wake wakuu.

Michezo

EPO ni marufuku kwa wanariadha. Wakenya Rita Jeptoo, mwaka 2014, na Jemima Sumgong, bingwa wa marathoni ya Olimpiki ya Rio, mwaka 2017, walipatikana nayo wakafungiwa.