Povu, Paipu na Sheria ya 1978

Kila msee anayejiwekea bia ya bomba nyumbani hukutana na swali moja: mbona glasi inajaa povu tupu? Wengi hukimbilia kupunguza presha, na hapo ndipo wanaharibu zaidi. Jibu lilianza kupatikana zaidi ya miaka 200 iliyopita. (Wenye hamjafika 18, someni hii kama fizikia tu.)

Mwaka wa 1767, Joseph Priestley alikuwa anaishi karibu na kiwanda cha bia kule Leeds, Uingereza. Aliona gesi inayoelea juu ya bia inayochacha, akaiingiza kwa maji. Maji ya soda hayo. Mwaka wa 1803 William Henry akaonyesha kwamba gesi inayokubali kukaa ndani ya maji inategemea presha iliyo juu yake. Ukiachilia presha, gesi inatoka. Ukipasha maji joto, inatoka pia. Povu lako ni hilo, hakuna uchawi.

Sasa chukua bia ya nyuzi 3, iko kwa kegi chini ya PSI 11 hivi. Ikikutana na hewa ghafla, gesi inafumuka. Ukishusha presha, gesi inaanza kutoka ikiwa bado ndani ya paipu, na baada ya siku kadhaa unakunywa kitu kama maji ya ngano. Dawa ni paipu ndefu, nyembamba. Bia inasugua kuta za paipu, presha inaliwa pole pole, ikifika kwa bomba imetulia. Tundu la milimita 5, urefu wa futi 10, watu wengi huanzia hapo. Bomba likiwa juu ya kegi, kila futi ya kupanda inakula karibu nusu PSI.

Lakini mimi kinachonikaa kichwani ni nani alipata muda wa kupima haya yote akiwa kwake jikoni. Wamarekani walipofuta marufuku ya pombe mwaka wa 1933, bia ya kujitengenezea iliachwa nje. Jimmy Carter ndiye alitia sahihi sheria ya kuiruhusu, Oktoba 1978. Mwaka huohuo Charlie Papazian na wenzake wakaanzisha chama cha watengenezaji wa nyumbani kule Boulder, Colorado. Baadaye kampuni za soda zikaachana na mitungi yao ya chuma ya lita 19, ikauzwa bei ya kutupa, na watu wakaijaza bia. Walikuwa wanapatana waziwazi, wanabishana kuhusu urefu wa paipu, wanaandika majedwali.

Sisi je? Mwaka wa 1980 Kenya ikapitisha sheria ya kupiga chang'aa marufuku. Ilifutwa 2010, na sheria ya pombe tunayoiita ya Mututho. Najua chang'aa si bia, na hata Marekani ruhusa ile ya 1978 haikuhusu kukeneka nyumbani. Lakini miaka 30 ya kujificha inafanya nini kwa ujuzi? Mama mpishi hawezi kuuliza mtu yeyote kipimo, hawezi kuandika chochote, akisikia buti za polisi anamwaga kila kitu mtoni. Mei 2014 makumi ya Wakenya walikufa kwa pombe yenye methanoli, wengine wakapofuka. Hiyo ilikuwa biashara ya watu wakora, sawa, ila kwa mnywaji hakukuwa na njia ya kujua tofauti.

Na hata leo tukikopa majedwali ya Wamarekani tunasahau kitu. Mengi yameandikwa kwa mtu aliye usawa wa bahari. Geji inapima presha iliyozidi ile ya hewa, na hewa ya Nairobi, karibu mita 1,800 juu, ni nyepesi. Kupata gesi ileile unaongeza karibu PSI 3, yaani 11 inakuwa 14, na paipu inarefuka kwa karibu robo. Futi 10 za Mombasa ni futi 12 na kitu hapa Umoja. Boulder iko mita 1,600 na kitu, kwa hivyo wale jamaa walikuwa na shida yetu kabisa.