Mbu wa mchana: Namna ya kuweka dawa kwenye nguo ukiwa nyumbani

Neti inakulinda ukiwa kitandani. Je, mama lishe wa Tandale au bodaboda wa Mbagala atajikingaje akiwa kazini? Mbu wa Aedes, anayeeneza homa ya dengue, huuma zaidi mchana. Dar es Salaam ilikumbwa na milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019.

Njia moja ni kupulizia nguo permethrin, dawa ya jamii ileile inayowekwa kwenye neti.

Fanya hivi

1. Nunua ya kupulizia nguo. Huwa na permethrin asilimia 0.5. Dawa ya shambani au ya mifugo usijaribu, hata ukiambiwa ni ileile. Inaweza kuwa kali mno kwa ngozi.
2. Vua nguo, itundike nje, vaa glavu. Pulizia pande zote mpaka ipate unyevu. Usisahau soksi na pindo za suruali. Nguo za ndani ziache.
3. Isubiri ikauke kabisa ndipo uivae.
4. Paka asisogee wakati nguo ni mbichi, na mabaki usimwage mtaroni. Dawa hii ni sumu kwa paka na samaki.

Inadumu muda gani?

Kama wiki sita, au mara sita za kufua. Zifue peke yake.

Mikono na shingo vilivyo wazi vipake losheni ya kufukuza mbu. Permethrin si ya ngozi. Na usiku? Neti iko palepale.