Utambuzi unaofuata fezi na utambuzi usiofuata fezi

utambuzi nm [u-] (mawasiliano ya kidijitali) hatua ambayo kwayo kipokezi huamua kama ishara iliyopokewa inawakilisha biti 0 au biti 1.

Maelezo. Utambuzi huainishwa kulingana na kama kipokezi kinaijua fezi ya wimbi linalobeba ujumbe, yaani mahali lilipofikia wimbi hilo katika mzunguko wake.

1. *Unaofuata fezi.* Kipokezi huzalisha wimbi lake lenye masafa na fezi sawa na za wimbi lililopokewa, kisha huilinganisha ishara na wimbi hilo. Njia hii hutumika pale 0 na 1 zinapotofautiana kwa fezi ya nyuzi 180 pekee, kwa kuwa nishati ya biti hizo ni sawa na haiwezi kuzitenganisha.

2. *Usiofuata fezi.* Kipokezi hupima nishati tu. Ikiwa 0 na 1 zimepewa masafa mawili tofauti, huchaguliwa yale yenye nishati kubwa zaidi.

Njia ya pili hurahisisha saketi, lakini hudai nishati zaidi. Katika modulesheni ya masafa mawili, ili kosa lisizidi biti moja katika 100,000, uwiano wa nishati ya biti kwa msongamano wa kelele huwa takriban desibeli 12.6 kwa njia ya kwanza na 13.4 kwa njia ya pili. Kati yake ipo modulesheni ya fezi ya kitofauti, ambamo fezi ya kila alama hulinganishwa na ya alama iliyotangulia. Bluetooth huitumia katika kasi ya megabiti 2 kwa sekunde.

Matumizi. Neno la Kiingereza linalotafsiriwa hapa husifu pia hoja zilizoshikamana. Ndiyo sababu tafsiri *utambuzi wenye mantiki* na *utambuzi usio na mantiki* hupotosha: mwanafunzi hudhani kwamba njia ya pili ina kasoro, ilhali huchaguliwa kwa makusudi. Neno *awamu* nalo litumiwe kwa uangalifu, kwani wasomaji wengi hulielewa kuwa ni hatua ya kazi au kipindi cha uongozi; *fezi* imeshazoeleka katika *umeme wa fezi tatu*.

Mfano. *Kipokezi hiki cha bei nafuu hutumia utambuzi usiofuata fezi.*