Jando la Kikristo Katika Nchi ya Masasi na Newala

Askofu Steere alipoanzisha kituo cha Masasi mwaka 1876, pamoja na watumwa waliokombolewa kutoka Unguja, alifika katika nchi yenye majira yake. Mavuno yakiisha na kiangazi kuingia, chakula kilikuwapo na kazi za shamba zilipungua; ndipo Wayao, Wamakua na Wamakonde walipowatia wavulana jandoni na wasichana unyagoni. Asiyepita huko alihesabiwa mtoto hata akiota mvi.

Wamisionari wa kwanza walizipinga mila hizo, lakini waumini hawakuziacha. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu 1926 hata 1944, alichagua njia nyingine: mila isivunjwe bali itakaswe. Jando la Kikristo, lililoanza kabla ya yeye kuwa askofu, lilifuata mfano wa lupanda ya Wayao. Kambi ya porini ilibaki. Bali msalaba ulishika mahali pa mti wa lupanda, na sala za kanisa zikashika mahali pa matambiko ya wahenga.

Sifa za kazi hiyo hupewa Lucas peke yake. Hukumu hiyo haitoshi. Mgeni hawezi kuchagua lipi la kuacha na lipi la kushika katika mambo ambayo hakufundishwa. Waliojua ni makasisi na walimu Waafrika, ambao wenyewe walikuwa wamepita jandoni. Kanisa lilibadili alama. Majira, na haja ya kumfanya kijana awe mtu mzima mbele ya watu wake, yalibaki mikononi mwa wenyeji.

Upande wa wasichana unathibitisha jambo hili. Malango ya Kikristo hayakustawi kama jando, kwani hapo mafundisho yalikuwa mali ya wanawake wazee, na mambo waliyoyaona kuwa kiini ndiyo yaliyokatazwa. Palipokosekana ridhaa ya wenye elimu, ibada haikuwatosha wazazi.

Kwa wanafunzi wa lugha, neno ni ushahidi. Jando, lupanda na malango ni majina ya wenyeji. Misheni iliyakuta, ikayaazima. Yafaa basi tuyakusanye maneno ya kambini, hasa ya akina mama, maadamu wapo wanaoyajua, ili urithi huu usiandikwe kwa jina la askofu tu.